Dhambi ya Wingi

Katika mabwawa ya bonde la Rukwa, ambako kusini mwake ndiko iliko Ivuna, mnana dume hujenga nyumba kabla hajapata mke. Ni ndege wa manjano, uso mweusi mithili ya aliyevaa barakoa, kifuani amepakwa hudhurungi. Makao yake ni kusini-magharibi mwa Tanzania na pande za Zambia zinazopakana nako. Huanza na uzi mmoja wa jani bichi. Huufunga fundo kwenye tete, akaufuma hata ukawa pete, kisha akasimama ndani ya pete hiyo na kufuma kila upande kadiri mdomo unavyofika. Watu wa pwani hawahitaji kusimuliwa haya: wamemwona nduguye akichana makuti ya minazi yao hadi yakabaki njiti tupu. Jike huja kukagua, akavutavuta nyuzi. Akiikataa nyumba na majani yakaanza kukauka, aghalabu dume huifumua yote, akaanza upya palepale. (Wako washairi wenye diwani tatu ambao hawajapata kuthubutu hivyo.)

Mfumaji huyu husifiwa. Katika bonde hilohilo, hata hivyo, yuko mfumaji mwingine wa ukoo uleule ambaye hasifiwi na mtu, naye ni kweleakwelea. Uzito wake haufiki gramu 20; mdomo wake mwekundu, na wakati wa kuzaa dume huvaa barakoa nyeusi kama ya jamaa yake. Naye huanza na pete. Naye huning'iniza nyumba ya majani mabichi, ndogo kama ngumi ya mtoto, akaimaliza kwa siku mbili tatu, na jike akataga humo mayai matatu hivi. Tofauti ni kwamba hajengi peke yake. Mgunga mmoja waweza kubeba viota mamia, na migunga ya namna hiyo ikaenea hekta nyingi. Desmond Vesey-FitzGerald, aliyefanya kazi ya kudhibiti nzige wekundu bondeni Rukwa, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya makundi hayo ya kuzalia. Kwa hiyo si wageni waliokuja juzi.

Ivuna, ambayo wataalamu wa vimondo wanaijua kwa jiwe lililoanguka tarehe 16 Desemba 1938, na ambayo watu wa kale waliijua kwa chumvi, ni nchi ya mpunga na mtama. Kweleakwelea mmoja hula nafaka ya gramu 10 hivi kwa siku, mbegu zisizojaza kiganja. Ndege milioni moja hula tani 10, yaani magunia mia ya kilo mia, kuanzia alfajiri hata magharibi ya siku moja. Mwenye kutaka kuzungumza juu ya uzuri wa fundo na asimame kwanza chini ya dungu, amtazame mtoto aliyeketi humo tangu kupambazuka akiamia, kombeo mkononi, ilhali wenzake wako darasani.

Swali basi ni hili: kosa ni la nani? Ukimkamata kweleakwelea mmoja na kumshitaki, hakuna kadhi atakayempata na hatia. Amekula konzi isiyotimia. Hajui kwamba mtama una mwenyewe, na kwa kawaida hupenda mbegu za nyasi za porini, akaingia shambani hizo zinapokwisha au zinapochipua kwa mvua. Makinda yake hulishwa wadudu siku za mwanzo, pengine viwavi walewale wanaomsumbua mkulima. Kundi zima lina madhara yasiyo na mtendaji. Hatia haijumlishwi kama magunia: sifuri mara milioni ni sifuri, lakini ghala limebaki tupu.

Jibu la kawaida ni kwamba haya si mashitaka, ni kujihami. Jibu hilo ni la haki, na asiyekubali hajapata kulala na njaa. Ila kujihami nako kuna mipaka yake. Sumu ya fenthioni inyunyizwayo juu ya malalo haichagui. Bundi na kipanga waliofuata mawindo hufa pamoja nayo, ingawa hawakuonja punje. Neno "waharibifu" ndilo linalorahisisha mambo. Likishatamkwa, hakuna anayeuliza tena nani yumo katika mti ule. Binadamu wenyewe wamepata kuitwa kwa majina ya namna hiyo, tena kwa hesabu ya namna hiyo.

Kondoa, wategaji huwanasa kweleakwelea kwa nyavu, wakawala na kuwauza. Kifo ni kifo, lakini huyu ameshikwa mkononi, amenyonyolewa na mtu aliyemwona. Pana staha fulani hapo ambayo sumu haina. Hata hivyo, nyavu za kijiji hazimalizi milioni, na mtama hausubiri. Mwenye kuzisifu asimwambie mkulima kwamba zinatosha.

Unyunyizaji hufanywa jua likizama, kwa kuwa ndiyo saa warejeapo malaloni. Ndege hupaa kuwaua ndege. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, na mtoto anayeteremka dunguni, akisikia mvumo magharibini, huinua kichwa bila kujua bado ni ndege gani wanaokuja.