Mto Hausemi Leo

Nahodha wa pwani anayengoja kaskazi ana udhuru wa heshima. Shehena imepakiwa, maji ya kunywa yamo mapipani, tanga limetiwa viraka. Akiulizwa mbona hajang'oa nanga, ataonyesha angani, na hakuna atakayemcheka. Upepo ukigeuka, ni upepo uliosema. Mto hautoi udhuru wa namna hiyo. Unateremka usiku na mchana, masika na kiangazi, na kwa kuwa uko tayari siku zote, hautasema hata siku moja: leo. Aliyepanga kwa miaka kuuteremka kwa chombo chake atafika ukingoni akute kila alichokipanga kipo, isipokuwa kuanza kwenyewe.

Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba katika nchi ya Manyema, iliwajaribu wasafiri watatu kwa jambo hilo. David Livingstone alifika 1871, akatafuta mitumbwi ili ajue mto ule unaishia wapi, akaikosa. Verney Lovett Cameron alifika 1874, naye akaikosa, akashika njia ya nchi kavu kuelekea Atlantiki. Henry Morton Stanley alikuja 1876 akiwa na mashua yake mwenyewe. Mashua hiyo, Lady Alice, ilikuwa na urefu wa futi 40, iliundwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, katika vipande vya kufunguliwa na kubebwa. Ilitoka Bagamoyo Novemba 1874 mabegani mwa watu. Ilitweka tanga Ziwa Viktoria, kisha Tanganyika. Udhuru wa wenzake wawili, yeye hakuwa nao.

Na bado hakuweza kusema twende. Katika kitabu chake cha 1878 anasimulia kwamba yeye na mwenzake Frank Pocock walirusha sarafu: upande mmoja Lualaba na kaskazini, upande wa pili Katanga na kusini. Sarafu ikaamua kusini mara 6 mfululizo. Wakachomoa vijiti, na vijiti navyo vikasema kusini. Wakaenda kaskazini.

Tafsiri ya haraka ni kwamba sarafu ilimfunulia alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Mimi hainitoshi. Anayekijua anachokitaka hana haja ya kurusha mara ya pili, seuze ya sita. Naona mtu anayeutafutia mwanzo mwenyewe mwingine asiye yeye; mtu wa mtoni anayetamani msimu. Aristotle alisema kuwa hatushauriani juu ya makusudio, tunashauriana juu ya njia za kuyafikia. Mpango mrefu ni mashauri ya namna hiyo: mashua, vitambaa, shanga, bunduki, mikataba. Njia zikirundikana sana hufanana na uamuzi, hata mwenyewe akadhani ameshaamua. Hajaamua. Ana mizigo tu.

Kuna jambo jingine, na hili halinichekeshi ingawa linaelekea kuchekesha. Alice Pike, ambaye mashua ilibeba jina lake, alikuwa amemwahidi Stanley ndoa. Januari 1876 akaolewa na mwingine, na habari hazikuwa zimefika Manyema. Sababu moja ya mpango ule, basi, ilikuwa imekufa miezi kadhaa kabla mashua haijaguswa na maji ya Lualaba. Lakini ni mpango gani mrefu usio hivyo? Aliyeupanga hayupo tena. Amebadilika, na dunia aliyoipangia imebadilika pia. Anayeanza ni msimamizi wa wosia wa mtu aliyekuwa yeye.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba ukingoni alisimama mtu mmoja. Walikuwa mamia. Tarehe 5 Novemba 1876 waliondoka Nyangwe, mfanyabiashara Tippu Tip akiwasindikiza na watu wake kwa ujira, na waliobeba vipande vya mashua walikuwa wapagazi waliotoka Unguja na pwani. Sarafu ile haikuwa na upande wa Unguja.

Mwishoni mwa Desemba Tippu Tip aligeuka na kurudi. Kuanzia hapo tofauti ya bahari na mto ikawa kali. Upepo unaokipeleka chombo una mwenziwe wa kukirudisha. Kaskazi hupisha kusi. Mkondo unapeleka tu. Aliyeketi ndani siku ya kwanza amekubali siku zote zilizobaki, hata kama hakuulizwa ile ya kwanza. Nchi kavu mpagazi aliyechoka alikuwa na kichaka na njia aliyokuja nayo. Mtoni, kila zamu ya kasia iliifuta njia hiyo, na maji yakafanya kazi ya mnyapara bila mshahara. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha 1958, aliutukuza uwezo wa binadamu wa kuanzisha jambo jipya, ila hakuficha kwamba tendo likishatendwa halirudishiki, wala matokeo yake hayatabiriki. Dawa alizoziona ni ahadi na msamaha. Zote mbili zinahitaji watu wawili wanaoweza kusemezana. Sioni jinsi mpagazi angeombwa msamaha na mtu aliyeamini kwamba ameuanza mto peke yake.

Walifika Boma, upande wa Atlantiki, Agosti 1877. Pocock alikuwa amezama Juni, Lady Alice imeachwa nchi kavu juu ya maporomoko. Kati ya watu zaidi ya 350 waliotoka Bagamoyo, wengi wao walikuwa wamekufa au wametoroka. Waliosalia hawakuweza kurudi kwa njia waliyoijia. Walipakiwa melini, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakashushwa Unguja mwezi Novemba.