Upara wa Ujanani: Je, Kutafuta Dawa Yake ni Kukataa Kadari?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa zetu vijana wamekuwa wakileta suala ambalo wengi wao huliuliza pembeni, watu wakisha kutawanyika, kwa sababu ya haya. Suala lenyewe ni hili: kijana wa miaka 22 au 25 aona nywele za panjani zarudi nyuma, utosi wafunguka, na kila akichana nywele chanuo latoka limejaa. Je, ana ruhusa kutafuta dawa, au hii ni kadari ya Mola wake ambayo yampasa kuridhika nayo na kunyamaza? Wako wanaomwambia kuwa kupandikiza nywele ni kubadilisha maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu, na mwenye kufanya hivyo amelaaniwa. Na wako wanaomuuzia mafuta ya chupa na kumuapia kuwa nywele zitarudi kabla ya mwezi kuandama. Baina ya makundi haya mawili kijana hupotea. Basi tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili kwa kadiri ya elimu.

Kwanza tuwaambie neno wale wanaocheka. Kijana huyu huchelewa kwenda birikani kutawadha mpaka wenzake wamalize, asije akaonekana amevua kofia. Mwingine huahirisha posa mwaka baada ya mwaka. Dhiki ya namna hii si upuuzi, hata kama sababu yake yaonekana ndogo machoni pa asiyepatwa nayo. Katika Surat al-Hujurat Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kudharauliana na kupeana majina ya kejeli; na jina la "kipara" likitamkwa kwa kuudhi laingia katika katazo hilo. Lakini kijana naye ajue kuwa upara si aibu mbele ya Mungu wala mbele ya watu wenye akili. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Abdallah bin Sarjis alieleza jinsi alivyomwona yule mwenye upara akilibusu Jiwe Jeusi, na aliyemkusudia ni Umar bin al-Khattab, Khalifa wa Waislamu, ambaye wafalme walitetemeka kwa jina lake. Upara haukumpunguzia Umar haiba hata chembe moja.

Pili, yafaa tulijue jambo lenyewe, kwani kuhukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Mtu mzima hupoteza nywele baina ya 50 na 100 kila siku, na hilo ni jambo la kawaida. Upara wa wanaume, ule uanzao panjani na utosini na kuacha kisogo, hautokani na kuvaa kofia, wala kuoga maji ya chumvi, wala hasadi ya jirani. Hutokana na urithi wa pande zote mbili, wa baba na wa mama, pamoja na homoni ya kiume ambayo mwili huigeuza ikawa kali zaidi, ikayasinyaza mashina ya nywele kidogo kidogo mpaka yakatoa malaika badala ya nywele. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawapatwi na upara huu. Lakini si kila kunyonyoka nywele ni huku. Zipo nywele zinazopukutika kwa mapunye, kwa upungufu wa damu, kwa ugonjwa wa tezi la shingo, au miezi miwili mitatu baada ya homa kali. Na hizo, maradhi yakitibiwa, mara nyingi hurudi. Kwa hiyo wa kwanza wa kuendewa ni daktari wa ngozi, si muuza mafuta. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuje katika hukumu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kisa cha watu watatu wa Bani Israil: mwenye ukoma, mwenye upara na kipofu. Malaika alimjia kila mmoja akamuuliza akipendacho zaidi. Mwenye upara alitaka nywele nzuri na kuondokewa na hilo lililowafanya watu wamkirihi. Malaika akampangusa, akapata nywele, kisha akapewa ng'ombe mwenye mimba, na mali ikamiminika. Baadaye Malaika alimrudia katika sura ya maskini mwenye upara, akamwomba msaada. Naye akamnyima, na alipokumbushwa hali yake ya kale akakana, akadai mali ni ya urithi wa mababu. Kipofu peke yake ndiye aliyekumbuka alikotoka, akatoa.

Hebu tuzingatie, ndugu zangu. Mtu yule hakulaumiwa kwa kutaka nywele. Aliulizwa, akasema, akapewa. Alilaumiwa kwa kuwa, baada ya kupewa, aliusahau upara wake na akamdharau mwenye upara mwenziwe. Basi suala la kutaka nywele limekwisha kujibiwa. Suala lililobaki, nalo ndilo zito, ni hili: nywele zikirudi, zitakufanya mtu wa namna gani?

Huenda mwenye elimu akapinga akasema: upara wa katika kisa ulikuwa maradhi, na huu wa kurithi ni maumbile, mfano wa uzee, na Mtume (s.a.w.) alipowahimiza mabedui wajitibu aliuvua uzee peke yake, akaeleza kuwa hauna dawa. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake ni mambo mawili. La kwanza, kijana wa miaka 22 si mzee. La pili, hata yanayoletwa na umri hatukukatazwa kuyatengeneza. Macho hudhoofika kwa kadari ya Mungu, nasi twavaa miwani tukasoma Msahafu. Mvi huota kwa kadari, na Mtume ameruhusu zipakwe hina. Naye Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akavaa pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume akamwamuru avae ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kukirudisha kilichopotea si sawa na kuligeuza umbo lililo timamu kwa tamaa ya kuwapita wengine. Na mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, lilijuzisha kupandikiza nywele zilizoanguka, likiliweka jambo hilo katika kuondoa kasoro iliyomzukia mtu.

Ama nywele za bandia, mlango huo umefungwa. Asmaa binti Abi Bakr amepokea kuwa mwanamke mmoja alimjia Mtume akamweleza kuwa bintiye aliye bibi harusi alipatwa na surua zikamnyonyoka nywele, je, amuungie nyingine? Akamkataza, na akamlaani mwenye kuunga na mwenye kuungiwa. Tazama: sababu ilikuwa maradhi, na arusi imekaribia, na bado hakuruhusu. Kwani kuunga ni kuwaonyesha watu kisichokuwapo, na nywele iotayo katika ngozi ya mwenyewe ni kitu kilichopo. Na uharamu huo haukuhusu wanawake peke yao. Mwanamume aendaye kuposa na nywele za kuazima kichwani amejenga nyumba yake juu ya udanganyifu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tatu, tuzipime dawa moja moja. Ipo dawa ya maji ya kupaka iitwayo minoksidili. Asili yake ni kidonge cha shinikizo la damu. Matabibu waliona nywele zaota kwa wagonjwa, na mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kwa upara. Hutaka subira ya miezi minne mpaka sita, na mwanzoni yaweza hata kuzidisha kupukutika. Na huwafaa baadhi ya watu, si wote. Tena mtu akiiacha, kile alichopata huondoka. Basi mwenye kuianza ajue kuwa aingia katika gharama isiyo na mwisho, aipime na matumizi ya nyumba yake.

Ipo pia finasteridi, kidonge kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi ya kibofu, na mwaka 1997 kwa upara kwa kipimo cha miligramu 1. Hii huzuia ile homoni isigeuzwe, na kwa wengi husimamisha kupukutika. Lakini kwa wachache hupunguza matamanio na nguvu za kiume, na wako walioeleza kuwa hali hiyo iliendelea hata walipoiacha. Mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa fikra za kujiua ni miongoni mwa madhara ya vidonge hivi. Mwanamke mwenye mimba asiguse kidonge kilichovunjika, kwani chaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Hapa twasema wazi: mwenye mke asikimeze kwa siri. Mke ana haki katika mwili wa mumewe kama mume alivyo na haki, na si uadilifu kuihatarisha haki yake kwa ajili ya utosi wako bila ya kumshauri. Na ambaye roho yake imekwisha elemewa na huzuni amweleze daktari hali yake yote kabla ya kuanza.

Ama kupandikiza, nywele hutolewa kisogoni, ambako ile homoni haiziathiri, zikapandwa panapokosekana, zikaota na kukua kama kawaida. Nywele hizo ni zako, hupakwa maji katika udhu kama nyingine. Na siku za kidonda, madhehebu yetu ya Shafii yatosheka na kupaka sehemu ndogo ya kichwa, basi apake pasipo na jeraha. Lakini akiba ya kisogo ina mwisho, na nywele zisizopandikizwa huendelea kuanguka. Kijana akiharakisha, huenda baada ya miaka kumi akabaki na kisiwa cha nywele mbele na jangwa nyuma yake. Na sisi wenye nywele za kipilipili, shina la nywele hupinda chini ya ngozi na kuwa gumu kutolewa zima, na wako miongoni mwetu ambao kila jeraha huwaachia kovu lililotutumka. Basi atafutwe tabibu mwenye ujuzi wa nywele zetu, si mwenye bei rahisi. Na mali iliyotengwa kwa mahari, au karo ya wadogo zako, au deni la watu, haijuzu kuigeuza nywele.

Ama hirizi na kombe la upara, hayo hayana asili katika dini. Na wale wanaoibandika chupa jina la habasoda kisha wakaahidi nywele katika siku saba, wametenda makosa mawili: wamekula mali ya watu kwa batili, na wameitumia hadithi ya Mtume kuwa kitambulisho cha biashara. Mtume ameisifu habasoda, nasi twaamini. Lakini hakumdhaminia muuza chupa yeyote.

Na ipo njia ya nne, rahisi kuliko zote: kwenda kwa kinyozi akakunyoa kichwa kizima. Kilichokatazwa ni kunyoa sehemu na kuacha sehemu. Tukumbuke kuwa katika ibada ya Hija Mtume alikariri dua kwa walionyoa kabla ya kuwaombea waliopunguza. Pale Mina tajiri na maskini, mwenye nywele nyingi na asiye nazo, wote husimama mbele ya wembe mmoja. Na wanavyuoni wetu wamesema kuwa hata asiye na unywele ni suna kwake kuupitisha wembe kichwani. Lau nywele ndizo heshima ya mwanamume, isingekuwa ibada kuziondoa.

Kwa muhtasari, twasema: kutafuta dawa ya upara ni halali, wala si kukataa kadari, kwani dawa nayo ni katika kadari. Kuacha kutafuta ni halali vilevile, wala si uzembe. Haramu ni udanganyifu, na kujidhuru, na kupoteza haki za watu. Kuridhika si kukaa bila ya kufanya lolote. Kuridhika ni kuwa dawa ikifaa hukujiona, na isipofaa hukumlaumu Mola wako. Kijana na ajiulize: lau nywele hizi hazitarudi kamwe, je, nitaoa, nitasoma, nitasimama mbele za watu? Akiweza kujibu ndiyo, basi na aende kwa tabibu kwa amani. Na akiwa hawezi, basi aanze kuutibu moyo, kwa kuwa maradhi yaliyomo humo ni makubwa kuliko ya kichwani, na hapana tabibu wa nywele awezaye kuyaondoa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupambie nyoyo zetu kabla ya miili yetu. Wallahu aalam, wa billahi tawfiq.