Mtoto Aliyeachwa Mlangoni: Je, Tumuulize Mama Yake Jina?



Safari hii tunapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Msichana amebeba mimba, ameificha, na usiku amejifungua peke yake. Hana mume, hana pa kwenda, na anaogopa. Asubuhi mtoto anaokotwa kando ya njia au karibu na choo, mara nyingine akiwa hai, mara nyingine akiwa amekwisha kufa. Watu wanakusanyika, na swali la kwanza kinywani mwa kila mmoja ni hili: ni nani aliyefanya hivi?

Hapa Rwanda, kama ilivyo Kongo, kumtupa mtoto ni kosa la jinai. Lakini ziko nchi ambazo zimeamua kutouliza swali hilo. Sheria zao zasema kwamba mama akimpeleka mtoto wake mchanga mahali pa salama, kama hospitalini au kituo cha polisi, bila kumdhuru, hatashtakiwa, na mara nyingi haulizwi hata jina. Marekani ilianza katika jimbo la Texas mwaka 1999, na kufikia mwaka 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria kama hiyo. Karibu nasi zaidi, Namibia iliingiza jambo hilo katika sheria yake ya ulinzi wa watoto ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwaka 2019. Huko Johannesburg, Afrika Kusini, kanisa moja la Kibaptisti lilianza mwaka 1999 kazi iitwayo Door of Hope. Waliweka mlango mdogo ukutani, mama akamlaza mtoto ndani na kwenda zake bila kuonekana.

Je, jambo hili ni jema? Au tunawafundisha wazazi kukimbia wajibu wao? Tutazame pande zote mbili.

Kwanza, uhai. Mtoto aliyekufa hawezi kutafutiwa ukoo wala kupewa haki yoyote. Katika Mwanzo 21 tunamsoma Hajiri, mwanamke aliyefukuzwa nyumbani, akitangatanga jangwani na mtoto. Maji yalipokwisha alimlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali, kwa kuwa hakuweza kumtazama akifa. Mtu akipita hapo angesema, tazama mama katili, amemtupa mwanawe. Mungu hakusema hivyo. Alimwuliza ana shida gani, kisha akamwonyesha kisima. Wengi wa wanaowaacha watoto ni akina Hajiri: wamefikia mwisho wa maji yao.

Nasi tunalijua jambo hili kuliko watu wengi. Wengi wetu tulivuka mpaka pale Petite Barrière bila karatasi yoyote. Aliyetupa maji ya kunywa hakutaka kwanza kujua sisi ni wa kabila gani, wala tulifanya nini huko tulikotoka. Kama angeuliza kwanza, baadhi ya watoto wetu wasingekuwapo leo. Basi mtu aliyepokewa bila kuulizwa, atapata wapi ujasiri wa kumfungia mlango mtoto mchanga mpaka mama yake ajieleze?

Pili, jina. Hapa neno ni zito. Mtoto aliyeokolewa hukua, na siku moja atauliza: mimi ni wa nani? Mwaka 1994, watu wapatao milioni moja walipovuka kutoka Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache, maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao. Wapo watu wazima leo wanaoikumbuka kazi ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya kupiga picha za watoto hao na kuzionyesha kambini, ili mzazi apite, atazame, apige kelele: huyu ni wangu! Kazi ile haikuwa ya chakula wala dawa, ilikuwa ya kumrudishia mtoto ukoo wake. Watu waliona kwamba nayo ni ya lazima.

Tazameni pia Nyundo, hapa hapa Rubavu. Kituo cha watoto yatima cha Noel, kilichoanzishwa mwaka 1954, kililea mamia ya watoto kwa wakati mmoja, wengine wakiwa wamefiwa na mama wakati wa kuzaliwa, wengine wakiwa wameachwa. Mwaka 2012 serikali ya Rwanda iliamua kwamba watoto watoke vituoni na kulelewa katika familia. Kazi ya kutafuta ndugu ilipofanyika nchini, ilionekana kwamba watoto wengi walioitwa yatima walikuwa na ndugu walio hai. Lakini angalieni: ndugu hutafutwa pale tu palipobaki uzi wa kufuata, yaani jina la mama, kilima alikotoka, mtu aliyemleta mtoto. Ambaye kwake hapakuandikwa kitu, angetafutiwa wapi? Ndiyo maana Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unataka mtoto aandikishwe mara azaliwapo, apewe jina, na kwa kadiri inavyowezekana awajue wazazi wake.

Basi tumeshikwa katikati. Tukiuliza jina, mama ataogopa na mtoto atakufa. Tusipouliza, mtoto ataishi bila mizizi.

Sheria ile ya Texas watu waliipa jina la mtoto Musa. Tuisome tena habari yenyewe katika Kutoka 2. Yokebedi alimweka mwanawe katika kisafina, akakiweka penye majani kando ya mto, kwa sababu ya amri ya Farao. Lakini hakumwacha hivi hivi. Dada yake mtoto alisimama kwa mbali apate kujua litakalompata. Binti Farao alipomwokota, hakumwuliza msichana yule nyumba yake iko wapi ili akamkamate mama. Alimpokea mtoto. Na kwa kuwa dada alikuwa pale, mtoto alirudi kunyonya kwa mama yake mwenyewe, tena kwa mshahara. Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa amefichwa, lakini uzi haukukatika. Kama uzi ule ungekatika, Musa asingejua kwamba Waebrania ni ndugu zake.

Hili ndilo tunaloliona kuwa jibu: kumpokea mtoto bila kumwuliza mama ni jambo moja, kulifuta jina lake ni jambo jingine. Kuficha si kufuta. Ziko nchi zilizojaribu kufanya hivyo. Ufaransa mwanamke anaweza kujifungua hospitalini bila kutaja jina lake, na tangu sheria ya mwaka 2002 huombwa, bila kulazimishwa, aache jina katika bahasha iliyofungwa, na kuna baraza la kumsaidia mtoto akija kuuliza asili yake. Ujerumani, tangu mwaka 2014, mama anaweza kujifungua kwa siri. Jina lake hutunzwa, na mtoto akifika miaka 16 anaweza kuomba kulijua. Kwetu sisi wakimbizi mpango huu si mgeni: kwanza maji, kisha kuandikishwa. Aliyeandika jina letu kabla ya kutupa maji angetuua, na aliyetupa maji asituandike kamwe angetuacha bila mgao, bila shule, kama watu wasiokuwapo.

Mtu atasema: kambini hakuna siri, hema limegusana na hema, bahasha itafunguliwa kabla ya jua kuchwa. Ni kweli. Kwa hiyo siri hiyo ikabidhiwe wenye kiapo, kama mkunga na mganga, wala si kamati wala majirani. Na ikiwa siri haiwezekani, ikabidi kuchagua, basi tuchague uhai. Jina laweza kutafutwa baadaye, hata kwa shida. Pumzi ikitoka haitafutwi tena.

Lakini, wapendwa, tusiishie kwenye milango ya serikali. Jimbo la Nebraska, huko Marekani, lilipotunga sheria yake mwaka 2008 halikuweka umri. Kwa miezi michache wazazi walileta watoto zaidi ya 30, wengi wao wakubwa, hata vijana wa miaka kumi na kitu. Baba mmoja aliyefiwa na mke aliwaacha watoto tisa kwa siku moja. Sheria ilirekebishwa haraka, lakini majirani walikuwa wamekwisha kujifunza jambo: watu hao walikuwa wamelemewa siku nyingi, na hakuna aliyegonga kwao.

Yokebedi alimwogopa Farao. Binti yetu anamwogopa nani? Mara nyingi anatuogopa sisi. Anamwogopa baba atakayemfukuza, wanawake watakaomsimanga kwenye bomba la maji, wazee wa kanisa watakaomsimamisha mbele ya watu na kumwondoa katika kwaya, huku aliyempa mimba akiendelea kupiga ngoma katika kwaya ile ile. Tukishika nidhamu, tuishike kwa haki na kwa faragha, na swali la kwanza liwe lile la Hajiri: una shida gani?

Rwanda wapo wazazi waitwao Malayika Murinzi, yaani malaika mlinzi, waliopokea nyumbani mwao watoto wasio wao. Wengi si matajiri. Nasi tuwe na akina mama wawili au watatu, wanaojulikana kwamba midomo yao imefungwa, ambao msichana anaweza kugonga kwao hata usiku wa manane. Wamsindikize kituo cha afya kabla ya siku zake. Huenda akishapata mtu wa kusimama naye, kama dada yule penye majani, hatahitaji tena kumwacha mtoto wake.

Mungu awabariki, awalinde watoto wetu.