Tutaona na Kamba Yake

Mbwa wangu anaitwa Tutaona. Jina hilo alimpa mjomba, na aliyekusudiwa kulisikia hakuwa mbwa. Watu wa Nandagala wanaelewa: ukimwita mbwa wako jioni kwa sauti, jirani mliyegombana juu ya mpaka wa mikorosho anapata salamu zake, na wewe hujamtukana mtu. Mjomba alipofariki nikarithi majembe mawili, redio na mbwa. Sisi Wamwera tumezoea ukoo kufuata upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Tutaona ana miguu mirefu, kifua kimeshuka, tumbo limeingia ndani. Wageni wakimwona wanadhani namnyima chakula. Jamani, anakula, tena ugali na vichwa vya dagaa. Umbo lake ndilo hilo. Duniani kuna mbwa wa namna hii wanaowinda kwa macho kuliko pua. Yuko greyhound, anayekaribia kilomita 70 kwa saa. Yuko saluki wa Uarabuni, ambaye Mabedui humruhusu kulala hemani. Na yuko basenji wa misitu ya Kongo, aliyeonyeshwa Uingereza mwaka 1937, ambaye vilabu vingine humweka kundi hilo na vingine humkataa. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi". Yaani mbwa wa washenzi, na leo ananunuliwa kwa fedha nyingi na kupewa hati za ukoo! Tutaona hana hati. Ni mbwa wa kienyeji, kazi yake kufukuza nguruwe pori wasimalize mihogo na karanga.

Mwezi wa sita, ufuta ukiwa umekatwa na kusimamishwa ukauke, mwanambuzi wa jirani alichomoka kichakani akakimbia. Tutaona akaona kitu kinachokimbia. Nikamwita, nikamwita tena. Mbwa wa aina hii macho yakishashika kitu, masikio hayana kazi. Nilipofika, mambo yalikuwa yamekwisha.

Jioni mzee mwenye mbuzi alikuja. Nikampa shikamoo na kiti.

"Mwanangu, mbuzi utanilipa, hilo sina wasiwasi," alisema. "Lakini huyo ameshaonja damu. Mmalize."

Nikamwomba wiki moja.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilijiambia kwamba mbwa hana kosa. Kosa linamtaka mtu aliyeweza kutofanya, na huyu hakuweza. Vizazi na vizazi watu wamemlisha yule aliyekimbia kwa kasi na kumwacha mzito ajitafutie. Akifukuza nguruwe tunamsifu, akifukuza mbuzi tunataka kumuua, wakati kwake mbio ni zilezile. Tofauti iko kwenye umiliki, na umiliki ni jambo letu sisi. Tukimuadhibu, tunamuadhibu kwa kutojua mbuzi ni wa nani.

Hapo nilijiona nimeshinda kesi. Kisha nikamfikiria mzee. Yule mbuzi angekua angekuwa sare za shule za wajukuu. Mimi nikisema "hana kosa" halafu nikamwachia huru, huruma yangu ni mimi ninayeitangaza, na anayeilipia ni mwingine. Na mzee hakusema "muadhibu". Alisema mmalize, maana yake hatari iishe. Asiye na kosa anaweza bado kuwa hatari. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka.

Mama naye alikuwa na lake. "Ukimzoea mbwa atakufuata msikitini," aliniambia. Kwetu tunafuata Shafii. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tutaona havuki kizingiti cha mama. Lakini anayemwekea maji kila asubuhi ni mama huyohuyo. Nilipomuuliza akajibu, "Najisi ni mate yake. Kiu yake je?"

Nikamfunga kamba chini ya mwembe. Kamba ilimaliza tatizo la mzee na kuanzisha la mbwa. Siku ya tatu akaacha kula. Nikawaza: kama maisha yake ni kukimbia, nimemwachia nini nilichodai kukiokoa?

Nilipofika ni hapa. Mbwa ana hatari, sawa, na hatari lazima izuiwe. Ila gharama ya kuizuia imwangukie kwanza aliyefaidika na zile mbio, yaani mimi niliyekula mihogo iliyosalimika. Mchana anakaa kwenye kamba ndefu kivulini. Usiku nalala naye kibanda cha shamba, kamba mkononi. Alfajiri, mbuzi wakiwa bado zizini, nampeleka uwanda wa wazi akimbie mpaka achoke. Namtoa kupe na miiba, na kila mwaka nampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hata hapo nimegundua kuwa kumtunza mbwa na kumtunza jirani ni kazi moja. Usingizi umepungua. Naona ni bei ya haki.

Wiki ilipokwisha mzee alikuja kuchukua fedha zake. Akamkuta Tutaona amelala mwembeni, nami macho mekundu. Nikamweleza mpango wangu wote. Alinyamaza sana. Hakuniambia nimepatia, wala nimekosea.

"Haya," alisema akiinuka. "Tutaona."

Mbwa akanyanyua kichwa, akidhani ameitwa.