Notisi Nilishalipwa

Je, mtu anayejisimamia mwenyewe kwenye shauri analazimika kusema ukweli unaomfaa aliyemdhulumu? Swali hili lilinikamata mkono nikijaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapa Tanga, nilipofika kwenye madai.

Nilikuwa karani wa stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi. Mabati yalipoonekana pungufu, mwajiri wangu, tuliyezoea kumwita Mzee, aliniandikia barua ya kuniachisha siku hiyohiyo. Sikuitwa kwenye kikao, ingawa kanuni za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa aitwe na apewe angalau saa 48 za kujiandaa. Jioni Mzee akanipa fedha ya notisi ya siku 28, mkononi, pasipo kusainiana.

Mdogo wangu alipoona sijadai notisi alishangaa. "Dada, dai vyote. Watapunguza wenyewe."

Hakuwa akisema ovyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kuwa alimwachisha mtu kwa haki, na ni sawa kabisa, maana mafaili yote yako kwake. Tena kwenye usuluhishi haapishwi mtu, na yanayozungumzwa mle hayapelekwi kwa mwamuzi. Ningedai, nani angenipinga?

Naona ni hapo hasa dini inapohitajika. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, inatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na amri hiyo haikungoja mtu aapishwe. Ningekuwa na wakili, pengine ningejiambia kwamba madai kayapanga yeye. Sina. Kila neno kwenye ile fomu nimeliandika mimi, na nitaulizwa mimi.

Lakini shangazi yangu naye alinisihi niache shauri lote: Mzee kanilisha miaka, na sulhu ni heri. Kwamba sulhu ni heri, Qur'ani imesema, siwezi kubisha. Kulishwa nakataa. Nilifanya kazi nikalipwa ujira wangu. Na sulhu ni ya watu wawili. Ukimwambia aliyeitwa mwizi anyamaze ili wengine wapate utulivu, umemwongezea dhuluma juu ya dhuluma. Nani atanikabidhi funguo za stoo nyingine na barua ile ipo?

Siku ya usuluhishi nilimkuta Mzee kwenye korido, nikamwamkia shikamoo, akaitika. Ndani, msuluhishi alipitia dai moja moja, kisha akauliza kama kuna malipo yoyote yaliyokwisha kufanyika. Afisa utumishi wao akapekua faili, asione kitu.

"Notisi nilishalipwa," nikasema. "Mzee mwenyewe alinipa mkononi."

"Kweli, binti yangu," Mzee akajibu.

Nikamwomba basi aseme na hili: niliitwa kwenye kikao, sikuitwa? Afisa akamwahi, akasema hayo yatajibiwa kwenye uamuzi.

Hatukuafikiana. Shauri limekwenda kwa mwamuzi, na huko tutaapishwa sote. Swali la kwanza kwa shahidi wao nimeshaliandika: barua ya kuniita kwenye kikao ilitoka tarehe ngapi, na nani aliipokea?