Jicho Lililopandikizwa na Ibada za Mwenyewe

Ndugu zetu wa pwani waliohamia Thika na Ruiru kwa kazi na biashara wametuuliza juu ya upasuaji wa konea, yaani ule utando mng'avu ulio mbele ya mboni ya jicho. Je, ni halali kupandikizwa utando wa maiti? Na aliyekwisha kupasuliwa afanyeje katika sala na saumu?

La kwanza halituchukui muda. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah ilikata shauri mwaka 1988 kwamba yajuzu kumpandikiza aliye hai kiungo cha maiti, ikiwa uhai wake au kazi ya lazima ya mwili wake yategemea kiungo hicho, na maiti aliridhia kabla hajafa au warithi wake wameridhia. Kukiuza ni haramu. Wako wanavyuoni waliokataa, nao twawaheshimu. Lakini naona kauli ya Majmaa ndiyo yenye nguvu, maana kumwacha mtu gizani na dawa ipo si katika kumtukuza maiti.

Lililo zito ni la pili, kwa kuwa wengi hudhani siku ya kupasuliwa ndiyo siku ya kupona. Sivyo. Eduard Zirm alipoufanya upasuaji huu tarehe 7 Disemba 1905 huko Olomouc, alimpandikiza mtu mmoja macho yote mawili; moja likafaulu, la pili likaharibika. Na mwaka 1996 madaktari Yorston, Wood na Foster walichapisha habari za waliopandikizwa Kikuyu, si mbali na Ruiru: wale ambao konea zao zilichongoka mfano wa ncha ya pia walifaulu zaidi kuliko wenye maradhi mengine. Konea yenye afya haina mishipa ya damu, basi mwili hauitambui upesi iliyo ngeni. Lakini jicho lililoingiwa na mishipa kwa vidonda vya zamani huikataa kwa wepesi.

Dalili za kukataliwa ni wekundu, maumivu, kuumizwa na mwanga, na ukungu. Mwenye kuona mojawapo na aende hospitali siku ile ile, asingoje Ijumaa ipite. Akiwahi, mara nyingi matone ya dawa huituliza; akichelewa, ukungu huenda ukabaki. Tena zile nyuzi nyembamba huachwa miezi mingi, pengine kupita mwaka, na uzi ukilegea huwafungulia vijidudu njia. Hata konea ikibaki safi, huweza kupinda, mtu akahitaji miwani. Na matone yenyewe huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ndiyo maana daktari hutaka kumwona mgonjwa hata asiyeumwa.

Sasa Ramadhani. Wako wanaoacha matone mchana kwa kuogopa kufungua, na hatari yake ndiyo hiyo tuliyoitaja. Katika madhehebu yetu ya Shafi jicho si tundu la kuingia tumboni, na kutia dawa ndani yake hakubatilishi saumu, hata mtu akihisi ladha yake kooni. Basi atie kwa saa alizoamriwa.

Ama udhu, kuosha ndani ya jicho si wajibu kabisa. Ikiwa daktari amekataza maji yasifike kopeni, ataosha sehemu nzima ya uso na kutayamamu kwa iliyobaki. Na kama pana kifuniko asichoweza kukiondoa, atakipangusa kwa maji pia. Akikatazwa kuinama, atasujudu kwa ishara naye ameketi, na sala yake ni sahihi. Mwenye kushuka Mombasa kwa Idi na achukue chupa ya kutosha siku zote za safari.