Mgeni wa Usiku Mmoja

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo imezoeleka mno midomoni, hata ni nadra mtu kuuliza swali lililojificha ndani yake: huyo mwenyeji ni nani? Nyumbani kwa mtu jawabu ni jepesi, kwani mwenyeji ndiye aliyefungua mlango. Lakini iko miji ambayo anayefungua mlango siye aliyeujenga, na aliyeujenga yu hai ng'ambo ya mpaka, haruhusiwi kurudi. Mgeni anayelala katika mji wa namna hiyo, ijapokuwa usiku mmoja tu, ana deni kwa nani?

Safed ni mji mdogo wa milimani katika Galilaya, kaskazini mwa Israel, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Waarabu huuita Safad. Mgeni akifika Ijumaa alasiri, atake asitake atalala, maana Sabato ikishaingia hakuna basi hadi Jumamosi usiku. Maduka hufungwa mapema. Jua likizama nyuma ya mlima Meron, watu waliovaa nguo nyeupe hujaa vichochoroni wakielekea masinagogi, na kutoka madirishani husikika wimbo wa Lekha Dodi, unaoipokea Sabato kama apokewavyo bibi harusi. Aliyeutunga ni Shlomo Alkabetz, mmoja wa wanazuoni wa mji huo wa karne ya 16. Wapenzi wa mashairi watafurahi kujua kwamba alilificha jina lake katika herufi za mwanzo za beti zake, kama washairi wetu wanavyojitaja katika beti za tamati. Mshairi ni mshairi popote alipo. Hapendi kazi yake iondoke bila ya kujua imetoka nyumba gani.

Usiku huo mgeni asiye na jamaa si ajabu akaalikwa mezani. Kumkirimu mpita njia ni ibada kwa Wayahudi, na mfano wao ni Ibrahimu, yule yule ambaye Waislamu nao husimuliwa jinsi alivyowaandalia wageni asiowajua ndama wa kuchoma. Ukarimu huo ni wa kweli, na si haki kuudharau. Wala mji wenyewe haukupata sifa yake ila kwa kupokea wageni. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walitafuta pa kukaa, na wengi wao wakapata hifadhi katika milki ya Waturuki. Baadhi yao walifika hapa. Humo Yosef Karo alikamilisha kitabu chake cha sheria, humo Isaac Luria alifundisha elimu ya siri za dini hadi alipofariki mwaka 1572, na humo kikachapishwa kitabu cha Kiebrania mwaka 1577.

Asubuhi, mgeni akitembea, atafika kwenye ngazi ndefu ya mawe inayoshuka katikati ya mji. Waingereza waliijenga baada ya ghasia za mwaka 1929, ambapo Wayahudi karibu 20 wa Safed waliuawa na majirani zao Waarabu. Upande mmoja wa ngazi walikaa Wayahudi, upande wa pili Waarabu. Mwezi wa Mei 1948 majeshi ya Kiyahudi yaliuteka mji, na Waarabu wake, zaidi ya 10,000, waliokuwa wengi kuliko Wayahudi kwa mbali, wakaondoka wote, wengi wao kuelekea Syria na Lebanon. Hawakuruhusiwa kurejea. Mtaa wao mmoja ukawa mtaa wa wachoraji. Msikiti wa hapo uligeuzwa jumba la maonyesho ya picha, na mnara wake ungali umesimama.

Miongoni mwa walioondoka alikuwamo mtoto aliyezaliwa hapo mwaka 1935, Mahmoud Abbas. Mwaka 2012, akiwa rais wa Mamlaka ya Wapalestina, aliiambia televisheni ya Israel kwamba ni haki yake kuiona Safed, lakini si kuishi humo. Wapalestina wengi walighadhibika. Huko Gaza picha zake zilichomwa moto, na yeye akaeleza baadaye kwamba alisema ya nafsi yake, hakuisamehe haki ya mtu mwengine. Lakini litazamwe neno lenyewe, kando ya siasa. Mtu ameomba awe mgeni mahali alipokatwa kitovu. Haombi nyumba, aombacho ndicho apewacho mtalii yeyote mwenye pasipoti na nauli.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 2010, rabi mkuu wa mji alitoa waraka wa kuwakataza watu kuwapangisha Waarabu vyumba, wakati vijana wa Kiarabu raia wa Israel walikuwa wanasoma katika chuo cha hapo. Marabi kadhaa wa miji mingine wakamuunga mkono. Wengine wakubwa wakampinga. Mjini humo mzee mmoja wa Kiyahudi, aliyenusurika mauaji ya Ulaya, aliendelea kuwapangisha wanafunzi Waarabu ingawa alitishwa.

Wako watakaosema kwamba mgeni kazi yake ni kula, kushukuru na kufumba mdomo, hasa katika mji uliopigwa makombora kutoka Lebanon mwaka 2006, na tena 2023 na 2024. Hoja hiyo ina uzito wake: ni rahisi kuhukumu mji usiozika wafu wako. Lakini shukrani inayodai usahaulifu si shukrani, ni malipo ya chumba. Aliyemlisha mgeni anastahili ahsante kamili, ya kweli, mbele ya uso wake. Yule asiyekuwapo anastahili angalau kuulizwa: huyu aliyechonga tao la dirisha hili, aliitwa nani, na yuko wapi? Kuuliza hivyo mezani, kwa adabu, baada ya mkate na divai, ni kumheshimu mwenyeji pia, kwa kumdhania kuwa ni mtu anayeweza kulibeba swali. Huenda akanyamaza. Huenda, kama yule mzee, akawa alikwisha kulijibu zamani kwa ufunguo wa chumba.

Jumamosi nyota tatu zikionekana, Sabato hutoka na mabasi huanza tena. Mgeni hubeba mkoba wake, huaga, na huambiwa karibu tena.